Hakuna Aliyemfungia Mlango

Kathonzweni, Makueni

Mwanangu Mwende,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Kioko, nikaisoma papo hapo mlangoni kabla hata sijamkaribisha chai. Pole, mwanangu. Pole sana wewe na mumeo Mutua.

Unasema mama mkwe wako anashinda akirudia kwamba padri angeitwa jioni ile mtoto alipozaliwa, akambatiza kabla hajafa, leo tusingekuwa na mashaka naye, na kwamba ni watu wa upande wetu waliosema mngoje apate nguvu kwanza. Unaniuliza kama mtoto amepotea. Nikujibu kwanza, maneno mengine yafuate: hapana. Hajapotea, wala hakuna kati yenu aliyemfungia mlango.

Usidhani nasema hivyo ili ulale usingizi. Unajua nilizeekea wodi ya akina mama. Masista walitufundisha wauguzi wote, Wakatoliki na tusio Wakatoliki, kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi akusudie kufanya linalofanywa na Kanisa: maji kichwani, na jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mimi ni mtu wa kanisa la AIC. Kwetu mtoto huwekwa wakfu, na maji huyangoja hadi atakapokiri kwa kinywa chake. Hata hivyo, mama mgonjwa aliponiomba, niliyamimina. (Wazee wa kanisa hawakuniuliza, nami sikuwapelekea habari.) Lakini wako watoto wengi ambao sikuwamiminia chochote, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa ikiwatafutia pumzi. Sijawahi kuamini, hata siku moja, kwamba mbele za Mungu tofauti ya hawa na wale ilikuwa wepesi wa mikono yangu.

Hofu ya mama mkwe wako usiidharau, maana ina umri mkubwa kuliko kanisa lolote la Ukambani. Agustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alibishana na Pelagio, aliyekana kwamba mtoto huzaliwa na dhambi ya Adamu. Katika kumjibu, Agustino alifika mahali pagumu: mtoto asiyebatizwa huhukumiwa, ingawa hukumu yake ni nyepesi kuliko zote. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakashikilia kwamba hata wachanga hubatizwa kwa ondoleo la dhambi. Walimu waliokuja karne nyingi baadaye walishindwa kuimeza hukumu hiyo, wakafundisha habari za limbo: mahali pasipo mateso, ila pasipo pia kumwona Mungu uso kwa uso. Wakatoliki wengi wa umri wa mama mkwe wako waliisikia hiyo limbo tangu utotoni. Haikuwahi kuwa fundisho ambalo Mkatoliki analazimika kuliamini. Katekisimu yao ya 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikani, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa waraka mzima kueleza kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa wanaokolewa. Waraka unasema tumaini, hausemi uhakika. Tumaini hilo si kitu kidogo.

Tena muulize mama mkwe wako, kwa upole na mkiwa wawili tu: kila tarehe 28 Desemba kanisa lake huwaheshimu kama watakatifu wale watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Nani aliwabatiza?

Na huyo mtu wa jumuiya aliyewaambia kwamba mtoto asiye na ubatizo hawezi kusomewa ibada ya mazishi, hakuisoma sheria ya kanisa lake. Sheria ya 1983 inampa askofu nafasi ya kuruhusu mazishi ya kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia abatizwe akafa kabla. Tangu 2023 Wote ni jimbo lenye askofu wake, kwa hiyo ruhusa kama hiyo haitafutwi mbali. Mmeshazika, sawa. Lakini Mutua anaweza kumwendea padri na kumwomba aje aombe kaburini. Aende yeye, asimtume mtu.

Upande wetu nao usijione safi. Sisi Waprotestanti tuna yetu. Wachungaji waliokutana Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, waliwaambia wazazi wacha Mungu wasitilie shaka wokovu wa watoto wao waliokufa wachanga. Neno jema, ila mzazi asiye mcha Mungu aliachwa nje na huzuni yake. Ungamo la Westminster la 1646 likataja watoto wateule, likanyamaza kuhusu wengine. Ilibidi ifike 1903 ndipo Wapresbiteri wa Marekani watamke wazi kwamba wote wafao katika uchanga wameokolewa. Mimi niko na hao wa 1903. Siko nao kwa sababu mtoto hamhitaji Kristo. Anamhitaji kama mimi. Ninachosema ni kwamba Kristo hahitaji mtoto ajue kuongea ndipo amwokoe. Kwa hiyo wakija wale wa kukuambia Mungu alipungukiwa na malaika, wape chai na uwaache waende. Binti yako ni mtu, na Mungu aliyemuumba hachukui watoto wa watu kujaza nafasi.

Atakuja pia wa kukusomea habari za Daudi na mtoto wa Bathsheba. Mwache asome, lakini asome yote. Nabii Nathani alitumwa kwa Daudi, kwa jina lake na kwa kosa lake. Kwako hakuna nabii aliyetumwa, basi usianze kupekua maisha yako ukitafuta kosa. Kisha tazama siku: mtoto yule alikufa siku ya saba, na tohara, alama ya agano, ilikuwa ya siku ya nane. Ukizihesabu siku hizo tangu kuzaliwa, aliondoka bila alama. Hata hivyo Daudi aliinuka, akaoga, akala, akasema kwamba mtoto hatarudi kwake ila yeye ndiye atakayemwendea.

Hapa nimkumbuke mmisionari Krapf. Tunamsifu kwa kuja Ukambani mwaka 1849, tukasahau alichokibeba. Binti yake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, njiani kati ya Massawa na Uhabeshi. Akambatiza mwenyewe, akamwita Eneba, yaani chozi, na mtoto akafa. Wa pili alizaliwa Mombasa Julai 1844, akafa siku chache tu baadaye pamoja na mama yake, Rosine. Kaburi liko upande wa bara, Nyali. Mtu huyohuyo ndiye aliyeitafsiri Injili ya Marko kwa Kikamba, ikachapishwa 1850. Katika Marko ndimo wanafunzi wanawakemea waliowaleta watoto, na Yesu anakasirika, anawakumbatia. Hakuwauliza watoto swali lolote. Najiuliza Krapf aliziandika aya hizo kwa mkono gani.

Sasa jambo ambalo hukuliandika ila nalijua. Mtoto alifariki kabla ya siku ya tatu, na wazee hapo boma wamenyamaza kuhusu jina. Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 1969: zamani Mkamba alimpa mtoto jina siku ya tatu, na siku ya nne baba akamvika mkufu wa chuma, kabla ya hapo alihesabiwa kuwa bado ni wa aimu, yaani wa mizimu, na akifa, mama huonekana ana unajisi. Mwende, huna unajisi. Na mtoto hakuwa wa aimu saa hata moja.

Mpeni jina. Ni binti wa kwanza, kwa hiyo jina ni la mama mkwe wako, Mutheu. Fikiri maneno yake makali yanatoka wapi: amemzika mtu wa jina lake, na hakuna aliyemwambia pole kwa hilo. Nenda kwake wewe. Usipeleke hoja za Agustino, hizo nimekuandikia wewe. Mwambie tu mtoto ni Mutheu, na umwombe awepo padri atakapokuja.

Maziwa yatakusumbua siku chache zijazo. Usiyakamue yote, toa kidogo tu cha kukupunguzia maumivu, weka kitambaa cha maji baridi, vaa sidiria inayoshika vizuri. Ukipata homa, au titi likiwa jekundu na lenye moto, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje nifike. Nitakuja Jumamosi na gari la asubuhi. Mutua anipokee stendi, maana nitakuwa na gunia la ndengu.

Shangazi yako