Upande wa Taka

Kabla sijaja Vermont, nilifanya kibarua kwenye duka la maji kule Pipeline, Embakasi. Si unayajua yale maduka: mlango mmoja, mitungi ya lita 20 imepangwa hadi barabarani, na nyuma ya pazia kuna mashine inanguruma mchana kutwa. Maji ya kisima yanaingia na chumvi yake na floraidi yake, yanatoka matamu. Kazi yangu ilikuwa kujaza mitungi na kuhakikisha ule mpira mweusi mwembamba, wa maji taka, umeingia mtaroni vizuri. Bosi alikuwa na wimbo mmoja tu: safi kwa tangi, taka kwa mtaro.

Miaka sita baadaye wimbo huo ulinigharimu lita 4 za shira, na nusura unigharimu baba mkwe.

Baba mkwe, ambaye mimi humwita Mzee na yeye ameshazoea, ana miti 40 ya mepo kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili hivi, usiku ukigandisha na mchana jua likiyeyusha, utomvu huanza kutembea ndani ya shina. Unatoboa tundu la kina cha sentimita 4, unapigilia kibomba, unaning'iniza ndoo. Kinachodondoka ni kama maji tu. Ukionja unahisi utamu kwa mbali, kama chai ya mtu aliyeambiwa na daktari apunguze sukari. Sukari ni asilimia 2 hivi. Shira iliyoiva inatakiwa ifike karibu asilimia 67. Kwa hivyo lita 43 za utomvu zinakupa lita 1 ya shira, na maji mengine yote lazima yapae kama mvuke, kwa nguvu za kuni.

Siku njema ndoo za Mzee huleta lita 180. Sufuria yake pana inapunguza kama lita 20 kwa saa. Piga hesabu: ni saa tisa za kuchochea moto, kutoa povu na kutopepesa macho, maana shira ikikaribia kuiva huungua kwa dakika chache. Zamani yeye na mkewe walikuwa wakipokezana, mmoja analala kwenye kiti, mwingine anachochea. Mama mkwe alifariki miaka miwili kabla. Halafu Oktoba, Mzee akafanyiwa upasuaji wa moyo. Daktari akasema hakuna kupasua kuni na hakuna kukesha. Mzee akaitikia kwa kichwa, vile wazee huitikia. Januari tukamfumania kibandani na shoka mkononi.

Ni mimi niliyetoa wazo. Nikamwambia mke wangu, kuna mashine, na hiyo mashine naijua kama kiganja changu.

Ukiloweka zabibu kavu usiku, asubuhi unazikuta zimefura. Maji yamejiingiza yenyewe, kutoka kusiko na kitu hadi kulikojaa vitu. Hiyo ndiyo osmosisi. Mashine ya osmosisi rejea inalazimisha safari hiyo igeuke: pampu inasukuma utomvu kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, maji yanapenya, sukari inabaki nje. Ukiondoa nusu ya maji, asilimia 2 inakuwa 4, na saa zako tisa za moto zinakuwa nne na nusu.

Mzee hakutaka kusikia. "Huo ni udanganyifu," alisema. "Shira ni moto. Ukiutoa moto, ladha itatoka wapi?"

Si swali la kijinga. Ile rangi ya kahawia na ile ladha huzaliwa sufurianiti inapochemka. Lakini Chuo Kikuu cha Vermont kina kituo kizima cha kutafiti mepo, na watu wake walishalinganisha shira iliyopitia mashine na ile isiyopitia, wasione tofauti kubwa ya ladha. Mke wangu akachapisha karatasi, akaiweka karibu na kahawa yake. Mzee akaisoma akiwa na miwani kwenye ncha ya pua, akasema, "Msimu mmoja. Ikishindwa, mnaniacha nifanye ninavyojua."

Sote tulijua kufanya anavyojua kunamaanisha nini kwa moyo ule.

Jumamosi moja ya Machi nikafunga mashine. Silinda nne za plastiki, kila moja na utando wake uliokunjwa kama mkeka. Chujio la kunasa vipande vya magamba na wadudu. Pampu ndogo, kipimo cha presha, na valvu ya kubana njia ya kutokea ili presha ipande. Pipeline tulikuwa pia na chujio la mkaa la kuondoa klorini, lakini mti hauna klorini, kwa hivyo hilo nililiacha. Tando mpya huja na dawa ya kuzihifadhi, nikazisuuza kwanza kwa maji safi. Kisha nikawasha. Sindano ikapanda taratibu hadi paundi 100. Hakuna tone lililovuja. Mzee alisimama mlangoni na mikono mfukoni, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe unaijua kazi yako."

Wee! Miaka minne niko kwenye hiyo familia, hiyo ndiyo sifa ya kwanza kutoka kwake. Nilitembea kama nimeota mabawa.

Jioni tukamimina tangi sufuriani. Mzee akawasha moto. Saa moja ikapita, mvuke umejaa kibanda, lakini ile harufu haiji. Akachovya kijiko, akaonja. Akaonja tena. Akachukua haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, akakitia. Kikazama hadi sifuri.

Hakuniambia kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoka nje mbio. Nyuma ya kibanda mpira wa taka ulikuwa umechimba shimo kwenye theluji. Nikachota theluji kwa mkono, nikalamba. Tamu, aki.

Safi kwa tangi, taka kwa mtaro. Pipeline unatafuta maji, kwa hivyo kilichogoma kupita ni taka. Hapa unatafuta kile kilichogoma. Nilitunza lita 90 za maji matupu, nikamwagia theluji sukari yote ya siku nzima.

Mzee akazima moto, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake polepole. Afadhali angeubamiza.

Asubuhi nilimkuta jikoni. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi, lakini akaniwahi. "Kwenu kuna watu wanaotoboa miti?"

Nikamwambia kuhusu babu yangu wa Kaloleni, mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, akikata kole la ua kipande chembamba kama karatasi, na kuacha kibuyu kikingwe. Asubuhi tembo ni tamu. Kufikia jioni limechacha. Nikamwambia pia kile ambacho hata mke wangu sijawahi kumwambia vizuri: babu alipofariki, karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka. Ningeondoka, nisingerudi. Nilimzika kwenye simu, nimekaa bafuni, mtandao unakatika kila wanapoanza kuimba.

Mzee akanimiminia kahawa. Yeye si mtu wa pole. Kwa hivyo nikajaza kimya kwa methali: kwetu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Akafikiria. "Basi mimi nilikusifu kupita kiasi," akasema. "Wewe uliweka maji, ukamwaga tembo."

Tukacheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Kisha Mzee akaenda kabatini akaleta gundi ya karatasi ya rangi mbili na kalamu. Nyekundu kwa mpira mmoja, buluu kwa mwingine. "Andika kwa lugha yenu, ili usisahau." Nikaandika SUKARI na MAJI. Akajifunza kuyatamka yote mawili.

Siku tatu baadaye ndoo zikajaa tena. Haidromita ikasoma 4. Utomvu uliokolezwa huharibika haraka, kwa hivyo tukachemsha jioni hiyo hiyo, kuanzia saa kumi na moja. Kufikia saa tatu na nusu tulikuwa tunachuja shira, lita 4 na kidogo, rangi ya chai ya rangi. Mzee akaonja, hakusema neno, akalamba kijiko pande zote mbili. Kabla ya saa nne alikuwa kitandani.

Nilibaki kufunga kazi. Tando lazima zisuuzwe, na hakuna cha kuzisuuzia kizuri kuliko yale maji zilizoyatoa zenyewe, yale yale niliyokuwa nikiuza Pipeline kwa mtungi. Kisha nikazifungua, nikazibeba ndani ya nyumba, maana zikiganda zinapasuka. Nikaziweka jikoni karibu na jiko, nikasikiliza. Kule chumbani Mzee alikuwa anakoroma.