Safari Yetu ya Tanga

Nilipokuwa na umri wa miaka 14, shule zilipofungwa, baba alituchukua kutoka Ganze kwenda Tanga kumwamkia shangazi yake, aliyeolewa na Mdigo. Tulipita Kilifi na Mombasa, tukavuka kivuko cha Likoni, tukafika mpakani Lunga Lunga. Hati zetu zilipokwisha kukaguliwa, nikajiona nimeingia ugenini.

Tuliyatembelea mapango ya Amboni, ambayo maji yaliyachimba katika mawe ya chokaa. Ni ya ajabu, lakini nisilolisahau lilitokea nyumbani. Bibi alinisalimu kwa Kigiriama mbele ya vijana wa Tanga. Nami, kwa kuona haya, nikamjibu kwa Kiswahili cha shuleni. Akamgeukia baba, akauliza, "Mtoto huyu umemlea wapi?" Baba akainama.

Mpaka ule ulikatwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukawaacha Wadigo, ndugu zetu wa Mijikenda, pande mbili. Hata hivyo lugha yao haikukatika. Yangu nilitaka kuikata mwenyewe.

Jioni nilimwendea bibi, nikamwamkia upya kwa Kigiriama. Akanishika mkono, akanikalisha kando yake. Wazee walisema kweli: mwacha asili ni mtumwa.