Atainuka Tu

Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, nilimkuta mjukuu wangu wa miaka tisa amemwangusha mwenzake barazani petu hapa Kisauni, akimkanyaga mgongo. Nilipomkemea alinijibu bila hofu: "Atainuka tu, babu."

Neno lile lilinikosesha usingizi. Kisauni yetu imeona vijana wakishika mapanga, na si wote waliokatwa walioinuka. Nilipodadisi, kumbe hucheza Grand Theft Auto katika kibanda cha PlayStation. Toleo la tano la mchezo huo, la mwaka 2013, limewekewa huko Ulaya alama ya miaka 18. Humo mchezaji akiuawa hurejea hai mlangoni mwa hospitali.

Nisizidishe. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kwamba michezo hii ina uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi wa kuihusisha na umwagaji damu hautoshi. Basi lawama zote si za mchezo. Sarafu alizolipia nilimpa mimi, ili nipate utulivu wa kusoma vitabu vyangu.

Wazazi wenzangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa. Sarafu nimezikata, baina ya Maghrib na Isha hukaa naye mwenyewe. Jana aliniuliza kama mgongo wa mwenzake ungali unauma. Tukaenda pamoja kumwomba radhi.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulea. Amin.