Ritifaa ya Chang'ombe

Ofisi niliyoanzia kazi ilikuwa na sheria isiyoandikwa popote: jina lenye ritifaa lisiingie kwenye hifadhidata. Karani akiletewa fomu ya mkazi wa Chang'ombe, anaandika Changombe. Mtu wa Mang'ula anakuwa wa Mangula, na akina Ng'wandu wote wakageuka Ngwandu. Hakuna aliyeona kuwa ni dhuluma, hata wenye majina.

Chanzo kilikuwa namna tulivyoingiza data. Kila mstari wa faili tuliugeuza kuwa amri ya INSERT kwa kuunga vipande vya maandishi, na katika SQL maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama hiyohiyo ya ritifaa. Andika 'Chang'ombe', na seva itasoma Chang, itaona maandishi yamefungwa, kisha itakutana na ombe, asijulikane katokea wapi. Mstari mmoja wa aina hiyo ulitosha kukwamisha faili zima.

Dawa ilikuwepo miaka yote: irudie ritifaa, 'Chang''ombe', basi. Wenzetu wa MySQL walipenda kuitangulizia mkwaju wa nyuma (\), na PostgreSQL nayo iliukubali, mpaka toleo la 9.1 la mwaka 2011 lilipoufanya mkwaju huo kuwa herufi kama herufi nyingine ndani ya maandishi ya kawaida. Lakini ofisini kwetu kufuta kulionekana rahisi kuliko kukinga.

Kisha ikaja COPY ya PostgreSQL, tukapumua. Amri hii humeza faili kwa mkupuo, na ritifaa haiishughulishi kabisa. Tulichochelewa kukielewa ni kwamba katika muundo wake wa kawaida mkwaju wa nyuma ndio wenye amri. Tukapokea faili la picha za nyumba, na moja ya njia zake ilikuwa hii: D:\picha\nyumba\bima. Likaingia lote bila kosa, hesabu ya mistari ikatimia. Ndani ya jedwali, \p imebaki p tupu, \n imekuwa mstari mpya, \b imekuwa herufi ya kurudi nyuma isiyoonekana kwa macho. Nyumba imekuwa yumba. Aliyeandaa faili alipaswa kuandika kila mkwaju mara mbili. INSERT angalau ilikuwa inapiga kelele. Hii ilinyamaza, na kwangu mimi kosa lililonyamaza ndilo baya zaidi.

Ajabu ni kwamba njia nyingine ilikuwepo. COPY ilianza kusoma CSV tangu toleo la 8.0, mwaka 2005. Humo mkwaju hauna nguvu yoyote: sehemu yenye koma huzungushiwa alama za kunukuu, na alama ya kunukuu iliyomo ndani huandikwa mara mbili. Shida, wengi wetu tuliamini CSV ni kubandika koma katikati ya maneno. Anwani kama "Mtaa wa Lumumba, ghorofa ya pili" ilisukuma safu zote upande, simu ikaangukia kwenye tarehe ya kuzaliwa. Mambo yalitulia tulipoacha kuunga mistari kwa mkono na kuiachia moduli ya csv ya Python iandike faili. Inajua ni lini alama zinahitajika, nasi hatuna haja ya kukumbuka.

Siku hizi ritifaa inakuja na sura nyingine, ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Haivunji amri, ila ukimtafuta mtu wa Chang'ombe kwa ile iliyonyooka, humpati.

Nawe uliyerithi majedwali ya enzi zile, usijaribu kurudisha ritifaa kwa programu ya kubahatisha. Wapo akina Mangula ambao jina lao halijawahi kuwa nayo. Kafungue fomu za karatasi, kama bado zipo.