Siku tatu kando ya Mto Pangani

Mama alimaliza eda, lakini nyumba hakutoka. Miezi minne na siku kumi ilikwisha, na bado aliketi barazani na tasbihi yake, akiitikia salamu kisha akanyamaza. Mimi, katibu wa kamati ya msikiti, niliyezoea kuandika barua za kuwachangia wafiwa wa mtaa mzima, sikuliona hilo mpaka mke wangu aliponiambia: "Baba Sumaiya, wewe ni katibu wa kila mtu isipokuwa wa mama yako."

Maneno yale yaliniingia. Nikaikumbuka nasaha ya Salman al-Farisi kwa Abu Dardaa (r.a.), kwamba Mola ana haki juu ya mja, na nafsi ina haki, na ahali nao wana haki. Nilikuwa nimeisomesha darsani mara nyingi.

Basi Ijumaa moja, baada ya Swala, tulifunga mizigo: mama, mke wangu, watoto wawili nami. Tukatoka Tanga mjini kuelekea kusini, mwendo wa takriban kilomita 50, tukipita katika minazi na mashamba ya mkonge. Mama alikwenda kwa kutii tu. Njia nzima hakuuliza tunakokwenda.

Pangani ni mji mdogo wenye utulivu, uliolala pale mto unapoingia baharini. Maji yake hutoka mbali, katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu na mji wa Korogwe kabla ya kufika hapa. Zimo nyumba kongwe za mawe na milango ya nakshi, mingine imeliwa na chumvi na miaka. Niliwaeleza wanangu kwamba katika mji huu, mwaka 1888, watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi, na kwamba ni hapa hapa aliponyongwa tarehe 15 Disemba 1889. Mwanangu wa kiume akanyamaza kidogo, kisha akaomba tumsomee Fatiha. Tukamsomea, tumesimama pale pale njiani.

Usiku tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukalala mapema. Alfajiri, mimi na mwanangu tuliswali jamaa, kisha tukatembea ukingoni kuwatazama wavuvi wakirudi na ngalawa zao.

Jumamosi asubuhi tulipanda pantoni kuvuka kwenda Bweni, ng'ambo ya pili. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Katikati ya mto mama alimshika Sumaiya mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Babu yako alinivusha hapa kwa mtumbwi siku ya pili ya harusi yetu. Mto ulikuwa umejaa, nami naogopa maji. Akaniambia nitazame ng'ambo, nisitazame chini." Kisha akalia. Hakuwa amelia mbele yetu tangu siku ya mazishi. Mke wangu alimkumbatia. Mimi sikuwa na neno la kusema, wala halikuhitajika.

Kutoka Bweni tuliendelea kusini kwa gari la kukodi hadi Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, nayo ndiyo pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi. Pori lake ni la vichaka na nyasi ndefu, na upepo wa bahari haukauki. Tuliwaona twiga wakichuma majani ya migunga, na kongoni waliosimama kama walinzi. Ngiri mmoja alipotimua mbio mkia juu, mama alisema: "Huyo kachelewa kikao cha kamati." Tukacheka sote, na mimi nilicheka zaidi ingawa nilijua nimesemwa. Adhuhuri tuliomba ruhusa kwa askari wa hifadhi, tukatawadha kwa maji ya dumu tuliyobeba, tukaswali chini ya kivuli.

Kwa ndugu msomaji atakayetaka kuifuata njia hii, nina mambo matatu. Ulizia mapema nyumba ya wageni isiyouza vileo; zipo. Chukua mkeka na maji ya udhu uingiapo porini. Na fahamu kwamba anayetoka Tanga mjini na kuishia Pangani hajatimiza masafa ya kupunguza Swala kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ni kilomita 80 na zaidi, aswali kamili.

Jumapili, kabla ya kurudi, tulipanda mashua kupandisha mto baina ya mikoko na minazi. Mama alikaa mbele, akimwonyesha Sumaiya ndege mmoja mmoja. Tulipofika nyumbani aliuliza safari nyingine ni lini, na Jumatatu asubuhi nilimkuta amekwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, kwa miguu yake mwenyewe.

Vikao vya kamati vinaendelea. Lakini sasa, kabla sijaandika tarehe ya kikao, humuuliza kwanza mama.