Chini ya Magari ya Watu

Ufundi niliuanzia mvunguni. Kijana mgeni katika gereji yetu ya Ilala hakukabidhiwa injini. Aliosha vyuma kwa petroli, alishika tochi, alitumwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani kutafuta bushi na gasketi huku akiomba asibambikiwe feki. Cheti cha VETA Chang'ombe nilikipata baadaye, lakini kuitambua spea kwa kuipapasa nilishajifunza katika kutumwatumwa huko.

Wateja walipoanza kuniamini, walinijia zaidi kutaka ushauri. Mtu amejikusanyia vijisenti, hajawahi kumiliki gari, ameona Corolla ya zamani, ya namba A au B, inauzwa bei ya kutupa. "Fundi, nichukue nikaitengeneze, au nisubiri?" Wenzangu wengi walijibu "chukua tu", maana ubovu wa gari ni ugali wa fundi. Mimi nilitaka kwanza kuliona, tena asubuhi, injini ikiwa baridi.

Injini iliyolala usiku kucha haifichi kitu. Ikiwashwa ikatoa moshi wa bluu, inakula oili: ringi au sili za valvu zimechoka. Ikitoa moshi mweupe mzito usiokoma hata ikishapata moto, maji yanapenya kwenye silinda, na hapo shaka yangu huenda kwenye gasketi ya silinda hedi. Ndiyo maana dalali mjanja huwahi kuliwasha gari kabla hamjafika. Mungu anisamehe, kiganja changu kiligusa boneti kabla ya kumpa dalali mkono.

Bodi niliipima kwa sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiponasa, chini ya rangi kuna puti. Huku pwani kutu huanzia sakafuni, kwa hiyo zulia nililiinua kila mara. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, maji ya mto Msimbazi yalipoingia nyumba za Jangwani, yalitufikia magari yanayong'aa na kunukia manukato, lakini ukiinua zulia unakuta tope limekaukia kwenye maungio ya nyaya. Gari la namna hiyo nilimkataza mteja hata kwa nusu bei. Injini mbovu inafunguliwa, inafungwa, yamekwisha. Nyaya zilizolowa zinakusumbua leo taa, kesho pampu ya petroli, na fundi umeme analipwa kila mara bila gari kupona.

Mwalimu mmoja wa sekondari alichukua Corolla AE100 iliyokuwa ikifuka moshi wa bluu, na mimi ndiye niliyemwambia achukue. Bodi ilikuwa nzima, kadi ilisomeka jina la muuzaji, namba ya chesisi ililingana. Injini yake ni 5A, lita 1.5, ambayo mafundi wa mji huu wanaifungua hata gizani. Mkanda wa taimingi ukikatika njiani inazima tu, pistoni hazigongi valvu. Kwa sababu ya ule moshi muuzaji alishusha bei, na fedha iliyookolewa ikanunua ringi, sili na gasketi. Jumamosi mwalimu alivaa ovaroli, akafungua boliti mwenyewe, nami nikimkanya asikaze hedi kwa kukisia: boliti zake hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, kwa spana yenye kipimo. Alichelewa sana kumaliza, na mke wake alishaanza kuuliza kama gari hilo lina nyumba ndogo. Lakini lilipowaka, mwalimu alijua kuisikiliza injini kuliko baadhi ya vijana wangu.

Kipindi hichohicho karani mmoja alijinunulia gari la Kijerumani kwa fedha kama hizo, bila kuuliza mtu. Giaboksi ilipokufa, spea hatukuipata Gerezani. Gari likaota majani nyuma ya gereji.

Anayeanza akiniuliza leo, namjibu anunue, ikiwa gari ni la aina iliyojaa mtaani, ubovu wake umetajwa na fundi asiyelipwa na muuzaji, na thuluthi ya fedha yake inabaki mfukoni baada ya kuandikishana. Kama hiyo thuluthi haipo, apande daladala kwanza.