Damu ilipokoma, mama alitaka kurudi Mgeta

Wiki ya tatu ya mionzi, mama aliacha kutoka damu. Hamu ya chakula ikarudi, akaanza kuuliza njegere zake kule Mgeta zinapaliliwa na nani. Siku ya mwisho ya mionzi, pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, aliwaaga wauguzi kama mtu aliyepona. Kumbe tiba ilikuwa nusu.

Saratani yake ilikuwa kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana. Mwenyewe kwa muda mrefu aliiita bawasiri. Madaktari walipanga mionzi kwanza, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, pamoja na vidonge vya kuiongezea mionzi nguvu. Kisha apumzike wiki kadhaa, halafu apasuliwe.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyotutikisa. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Mjomba akasema, "Kama damu imekoma, kisu cha nini?" Mama, aliyekuwa akiogopa kuwekewa mfuko wa choo tumboni, akaitikia haraka.

Sikubishana na mjomba. Nilimwomba tuongozane kliniki akasikie mwenyewe. Daktari alimweleza kwamba uvimbe huendelea kusinyaa wiki nyingi baada ya mionzi kwisha, ndiyo maana wanasubiri. Lakini damu kukoma hakuthibitishi kuwa saratani imekwisha. Upasuaji huondoa uvimbe uliobaki pamoja na mafuta na tezi zinazouzunguka, ambako saratani hujificha. Wapo wachache ambao uvimbe hutoweka kabisa, ila hilo huamuliwa kwa vipimo na ufuatiliaji wa karibu, si kwa mgonjwa kujisikia vizuri.

"Basi mngempasua kwanza, mionzi baadaye," mjomba akasema. Daktari akamtajia utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2004. Ndani ya miaka 5, saratani ilirudi palepale nyongani kwa wagonjwa 6 katika kila 100 waliotangulizwa mionzi, na 13 kwa waliopasuliwa kwanza.

Mjomba akatulia. "Kumbe mnalegeza udongo kwanza, ndipo mng'oe kisiki." Jioni ile akamwambia mama, "Mdogo wangu, utapasuliwa."

Alipasuliwa wiki ya nane. Mfuko alikaa nao miezi minne, kisha akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuurudisha utumbo. Wengine hubaki nao maisha yote, hasa uvimbe ukiwa chini sana, na wanaishi na kulima.

Mzazi mwenzangu, ukiona damu chooni, choo kimekuwa chembamba au haja haiishi, usikubali jina la bawasiri kabla daktari hajapima. Na kama mgonjwa wako amemaliza mionzi anasubiri upasuaji, andika tarehe ukutani, mhesabie wiki. Yule mzee ambaye neno lake linasikilizwa nyumbani, nenda naye kliniki mapema.